Kulwa achanjwe, Doto aachwe? Mama wa Kirumba anauliza kuhusu chanjo ya HPV

Shikamoo Shangazi,

Naishi Kirumba, hapa Mwanza, na nafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, muda mwingi yuko kambini Irugwa. Wanangu wakubwa ni pacha, Kulwa na Doto, wana miaka 11 na wako darasa la tano. Kulwa ni wa kike, Doto wa kiume. Mdogo wao Shija bado hajaanza shule. Nalea pia watoto wawili wa marehemu dada yangu.

Juzi kwenye kikao cha wazazi mwalimu alitutangazia kwamba wahudumu wa kituo cha afya watakuja shuleni kuwachanja wasichana waliokosa chanjo ya HPV, ile ya saratani ya mlango wa kizazi. Mzazi mwenye swali, au asiyetaka, aende kumwona kabla ya siku hiyo. Kulwa ni mmoja wa waliokosa. Kampeni ya Aprili 2024 ilipopita, pacha walikuwa wanasoma Nansio, wanakaa kwa bibi yao mzaa baba. Siku ya chanjo bibi alimzuia Kulwa nyumbani, akasema tumbo linamuuma. Halikuwa linamuuma. Nilikuja kuambiwa na Doto, maana huyo hafichi neno.

Mama mkwe anasema sindano hiyo inafunga kizazi. Anauliza: kama ni dawa nzuri, mbona Doto haguswi? Wamelala tumbo moja, wamenyonya ziwa moja, wanakula sahani moja, halafu serikali imchague wa kike peke yake? Kusema kweli Shangazi, swali hilo nilishindwa kulijibu. Anaongeza kwamba mwaka jana walipopewa dawa za kichocho shuleni Kulwa alitapika njia nzima kurudi nyumbani, kwa hiyo mwili wake haupatani na dawa za serikali.

Nilimpigia mume wangu. Mtandao kule unakuja na kupotea, lakini nilisikia vizuri: "Asiguswe mpaka nirudi." Kambini wana video kwenye simu, wasichana wa nchi ya mbali wanatetemeka mwili mzima, wengine kwenye viti vya magurudumu, na maandishi yanasema ni chanjo hii. Halafu wenzake wanauliza, kitu gani cha thamani mzungu alishawahi kukuletea bure mpaka shuleni? Na mwanzo tulisikia ni sindano mbili, sasa ni moja. Imepunguzwa kwa sababu ya pesa? Mmoja wao anadai chanjo hii ilijaribiwa kwa watoto wa hapa hapa Mwanza, na kwamba sisi ndio panya wa maabara.

Upande wa pili kuna dada yangu. Alianza kutokwa damu siku ambazo si zake, akadhani ni kichocho kwa kuwa sisi tumekulia majini. Akanywa mizizi. Alipofika hospitali ya Bugando walisema ni saratani ya mlango wa kizazi na imeshaenea. Nilimuuguza mimi. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Mama mkwe anasema hiyo ni ya ukoo wetu, iko kwenye damu, na sindano haiondoi kitu kilichoko kwenye damu.

Rafiki yangu wa sokoni ananiambia, wewe nyamaza tu, mtoto achanjwe shuleni, baba yake atajulia wapi? Mimi ni mtu wa biashara, nimezoea kupima faida na hasara kabla sijatoa hela. Nipimie hili. Na je, ninyamaze?

Mama Kulwa,
Kirumba, Mwanza

*

Marahaba, Mama Kulwa. Pole kwa kumpoteza dada yako, na hongera kwa kulea watano kwa dagaa.

Nianze na rafiki yako wa sokoni. Usinyamaze. Mkono wa Kulwa utauma siku moja au mbili, na Doto, kwa maelezo yako mwenyewe, hafichi neno. Baba atajua kabla hujamaliza kufunga gunia la kesho. Na akijua kwa njia hiyo, utakuwa umempa uthibitisho aliokuwa anautafuta: kama ni kitu chema, kwa nini kilifanywa kwa siri? Bibi alishaficha mara moja huko Nansio. Ukificha na wewe, mtoto atajifunza kwamba mambo ya mwili wake ni mambo ya kufichana, na hilo sitaki lifike kwenye masikio ya msichana wa miaka 11.

Tena huna haraka unayodhani unayo. Chanjo hii hutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Inafanya kazi vizuri zaidi ikimkuta msichana kabla hajaanza kujamiiana, kwa sababu inazuia virusi vya HPV, vinavyoleta saratani hiyo na kuambukizwa kwa kujamiiana, visiingie, haiviondoi vikishaingia. Kulwa ana miaka 11. Akiikosa siku hiyo shuleni, anaweza kupelekwa kituo cha afya. Kwa hiyo una nafasi ya kuzungumza na mwenzako kama mke na mume. Nafasi hiyo ina mwisho, na nitaurudia.

Sasa tupime. Wewe ukinunua dagaa hutazami bei ya gunia peke yake; unaingiza mkono mpaka chini uone mchanga ni kiasi gani. Tuanze na mchanga.

Mkono kuuma na kuvimba kidogo ni jambo la kawaida. Homa ndogo, kichwa kuuma, uchovu, hayo pia. Wasichana wa umri huu wakati mwingine huzimia wakichomwa sindano, sindano yoyote ile, ndiyo maana hukalishwa dakika 15 baada ya kuchomwa. Nimefanya kazi kliniki miaka mingi na nakuambia kwamba akizimia mmoja kwenye foleni, wa pili na wa tatu watafuata kwa hofu, na jioni mtaa mzima una habari kwamba watoto wameanguka. Mzio mkali upo, lakini ni nadra mno: kamati ya usalama wa chanjo ya Shirika la Afya Duniani ilikadiria kisa kama 1.7 kwa kila dozi milioni moja. Kamati hiyo hiyo iliitazama chanjo hii mwaka 2017, dozi zaidi ya milioni 270 zikiwa zimeshasambazwa duniani, na ikasema ni salama sana.

Ile video ya kambini, nadhani naijua ilikotoka. Mwaka 2013 Japani walianza kuipa chanjo hii msukumo, kisha miezi michache tu baadaye, mwezi Juni, serikali yao ikaacha kuihimiza baada ya taarifa za wasichana wenye maumivu na mitetemeko. Wasichana wale waliumwa kweli, simkejeli hata mmoja. Swali lilikuwa kama chanjo ndiyo sababu. Mji wa Nagoya ukawauliza wasichana na wanawake vijana karibu 30,000, waliochanjwa na wasiochanjwa, kuhusu dalili 24 za aina ile. Matokeo yalichapishwa 2018: dalili hizo hazikuonekana kuhusiana na kuchanjwa, na wasiochanjwa walikuwa nazo vilevile. Wakati huo uchanjaji ulikuwa umeshaporomoka kutoka kama asilimia 70 hadi chini ya asilimia 1. Japani ilirudi kuihimiza rasmi Aprili 2022. Mume wako alionyeshwa nusu ya kwanza ya habari, nusu ya pili haina picha za kutisha kwa hiyo hakuna aliyemtumia.

Kutapika kwa Kulwa mwaka jana ni habari nyingine kabisa. Vidonge vya kichocho ni vichungu na vinachafua tumbo, hasa kwa mtoto aliyevinywa bila kula. Ile ni dawa inayoua minyoo iliyomo mwilini. Hii ni sindano ya bega. Lakini siku ya chanjo mpe chai na kitu kizito, kwa sababu nyingine: asije akazimia kwa njaa watu wakasema mengine.

Kizazi kufungwa. Hapa nataka umsikilize mama mkwe kabla hujamjibu, kwa sababu hofu yake ina mzizi. Mwanamke wa umri wake, sindano aliyoijua ikitolewa kwa wanawake peke yao ilikuwa ile ya uzazi wa mpango, na kazi yake kweli ni kuzuia mimba kwa miezi. Leo anasikia sindano, kwa msichana, na jina lake lina neno kizazi ndani yake. Ni nani asingeshtuka? Kwa hiyo usimwite mjinga. Mwambie kilichomo. Chanjo hii haina homoni. Ina vipande vya ganda la kirusi, ganda tupu lisilo na kirusi ndani, ili mwili ujifunze kulitambua. Kuhusu kizazi chenyewe, utafiti uliochapishwa 2018 Marekani uliangalia kumbukumbu za wasichana na wanawake karibu 200,000, kuona kama waliochanjwa mayai yao yanaacha kufanya kazi mapema. Hawakukuta ongezeko.

Lakini sidhani mama mkwe atajali kumbukumbu za Marekani. Ana ushahidi wa karibu zaidi, na hapa ndipo yule mvuvi wa panya wa maabara anaposema nusu ya ukweli. Ndiyo, Mwanza ilitangulia. Kati ya 2010 na 2011, shule za msingi 134 za mkoa huu zilishiriki mradi wa kuchanja wasichana zaidi ya 5,500. Kilichokuwa kinapimwa hapo ni utaratibu: ni rahisi zaidi kuwafikia ukiwaita kwa darasa au kwa mwaka wa kuzaliwa? Darasa lilishinda. Wale waliochaguliwa kwa umri walikuwa wazaliwa wa 1998. Hesabu mwenyewe: leo ni wanawake wa miaka 27, 28. Kama sindano ile ingefunga vizazi, Mwanza ingekuwa ya kwanza kulia, na isingehitaji video kutoka nje.

Na lile la dozi mbili kuwa moja nalo lina mguu wake hapa hapa. Chanjo iliidhinishwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 2006, ikianza na dozi tatu. Tanzania ilipoianza nchi nzima Aprili 2018, kwa wasichana wa miaka 14, zilikuwa mbili. Wakati huo huo watafiti wa hapa Mwanza, wa NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kitengo cha majaribio cha MITU, pamoja na chuo cha London, walikuwa na wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waliogawanywa makundi: wengine walipata dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Wazazi waliridhia, watoto wenyewe waliridhia. Waliopata moja walikuwa na kinga ndogo kwenye damu kuliko wa mbili na tatu, hilo lisifichwe. Lakini miaka miwili baadaye karibu wote bado walikuwa na kinga, na kiwango chao kililingana na cha wanawake wa nchi nyingine ambao dozi moja ilionekana kuwakinga. Ng'ambo ya ziwa, Kisumu, pamoja na Nairobi na Thika, wanawake vijana 2,275 walishiriki utafiti mwingine: dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina za virusi zilizo hatari zaidi, namba 16 na 18, kwa asilimia 97.5 katika miezi 18 ya kwanza. India walifuatilia miaka kumi, wakapata zaidi ya asilimia 95. Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja mwaka 2022, na sisi tukahamia huko Aprili 2024.

Pesa ilihusika? Ilihusika, kwa nini nikudanganye. Dozi moja ni safari moja ya gari la chanjo, ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 utunzwe mara moja, msichana apatikane shuleni mara moja, maana wa kurudia dozi ya pili wengi walipotea njiani. Ukichanja wengi kwa moja unaokoa wengi kuliko kuchanja wachache kwa mbili. Kinachobaki wazi ni miaka 30 au 40 ijayo: hakuna mtu aliyekwishaishi muda huo na dozi moja, chanjo yenyewe haijafikisha umri huo. Ikija kuonekana nyongeza inahitajika, itatolewa. Na kwa msichana anayeishi na virusi vya UKIMWI, dozi moja haitoshi. Mzazi wake amwambie muuguzi pembeni, atapangiwa utaratibu wake.

Kuhusu "bure": si bure, ila hulipi wewe mlangoni. Nchi maskini zinanunua kupitia Gavi, shirika la kimataifa linalozisaidia kupata chanjo, na mwaka 2013 ilitangazwa bei ya dola 4.50 kwa dozi, wakati huo huo Marekani dozi hiyo ikiuzwa zaidi ya dola 100. Serikali yetu nayo inachangia, kodi yako ya Mwaloni ikiwemo. Na hao wazungu walianza na binti zao: Australia 2007, Uingereza 2008. Sisi tuliipata miaka kumi nyuma yao. Kama kuna cha kulalamikia, mimi ningelalamikia hiyo miaka kumi.

Na Doto? Swali la mama mkwe ni zuri kuliko anavyojua. Doto hana mlango wa kizazi, hilo ni jibu fupi. Jibu refu ni kwamba virusi hivi havichagui. Wanaume wanavibeba, wanavisambaza, na vinaweza kuwaletea saratani nyingine, za koo kwa mfano, ingawa kwa uchache. Australia wanawachanja wavulana tangu 2013, Uingereza tangu 2019. Sisi dozi hazitoshi kila mtu, kwa hiyo zinaanza kwa yule atakayeumia zaidi. Na wasichana wengi wakichanjwa virusi vinakosa pa kupita, Doto naye anafaidi bila kuchomwa. Kwa hiyo Kulwa hajachaguliwa kwa ubaya. Amepewa nafasi ya mbele.

Sasa faida. Mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania walipata saratani hii, na zaidi ya 6,500 walikufa nayo. Hakuna saratani inayoua wanawake wengi zaidi nchini kwetu. Aina 16 na 18 ndizo zinazosababisha kama asilimia 70 ya saratani hizi. Sweden walifuatilia wasichana na wanawake zaidi ya milioni moja na nusu, na mwaka 2020 wakatoa majibu: waliochanjwa kabla ya kutimiza miaka 17 walipata saratani hii pungufu kwa asilimia 88 kuliko wasiochanjwa. Uingereza walipata karibu hivyo hivyo, asilimia 87, kwa waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13. Scotland, katika kundi waliochanjwa umri huo, hawakupata kisa hata kimoja.

Wewe umeshaona upande wa pili wa hesabu hii kwa macho yako, wodini, kwa hiyo sitakueleza gharama yake. Nitasema moja tu. Kuna mtu atakuambia uziweke kwenye mizani gharama za kuchanja, asahau kuweka gharama za kutochanja, kana kwamba kukaa tu hakuna bei. Watoto wawili wa dada yako wanakula kwako kila siku. Hiyo ndiyo bei, na unailipa wewe.

Mimi nikiweka mkono wa kuuma, uwezekano wa kuzimia, na ile moja na nukta saba kwa milioni upande mmoja, na hayo mengine upande wa pili, siyumbi. Ningempeleka.

Kuhusu ukoo, mama mkwe amekosea, na kosa hili linakugusa wewe kuliko Kulwa. Saratani ya mlango wa kizazi karibu yote huletwa na virusi vya HPV. Harald zur Hausen wa Ujerumani alipata Tuzo ya Nobel 2008 kwa kulionyesha hilo. Dada yako hakuirithi kwa babu yenu. Aliambukizwa kama wanavyoambukizwa watu wengi waliowahi kulala na mtu. Wengi mwili unavisafisha wenyewe, kwa wachache vinabaki miaka 10, 15, vinatafuna polepole. Ule muda mrefu ndio mwanya wetu. Mabadiliko yakionekana mapema yanagandishwa au kuchomwa kwa kifaa, na mama anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wewe chanjo imekupita, lakini kupima hakujakupita. Barua nzima umeandika kuhusu Kulwa, na hakuna mstari unaosema wewe umepimwa lini. Mlango wa kizazi unapakwa siki, sehemu yenye tatizo inageuka nyeupe, muuguzi anaiona kwa macho. Dakika chache, hakuna kisu. Kama umetimiza miaka 30 nenda; na kama unaishi na virusi vya UKIMWI nenda hata kabla, kuanzia 25. Kulwa naye akikua ataenda, kwa sababu ile asilimia 30 ya aina nyingine za virusi bado ipo. Na wewe au mwanamke yeyote anayetokwa damu nje ya siku zake au baada ya tendo, asiseme ni kichocho mpaka aangaliwe. Kichocho cha sehemu za siri kipo kweli kwetu sisi wa ziwani, lakini anayetenganisha viwili hivyo ni daktari, si mizizi.

Wanaosema chanjo inawafungulia wasichana mlango wa uhuni sitawajibu kwa kirefu. Surua hatukungoja mtoto augue ndipo tuchanje. Na walipofuatiliwa wasichana 1,398 huko Atlanta, waliochanjwa na wasiochanjwa wakiwa na miaka 11 na 12, hawakutofautiana katika mimba wala magonjwa ya zinaa miaka mitatu baadaye.

Turudi kwa Baba Kulwa. Usimalizie mjadala huu kwa simu yenye mtandao wa kukatika. Mtagombana kwa nusu za sentensi. Mvuvi wa dagaa anafuata giza. Mbalamwezi ikijaa taa zao hazivuti kitu, wanavuta mitumbwi na kurudi majumbani. Kwa hiyo ndani ya mwezi huu utakuwa naye. Kwa sasa mwone mwalimu, mwambie Kulwa asichanjwe siku hiyo kwa kuwa mnasubiri baba yake, na kwamba utampeleka kituoni mwenyewe. Useme hivyo hivyo, si "tumekataa". Mwalimu akiandika umekataa, jina litakaa kwenye orodha nyingine.

Mume akirudi, ale, alale, apumzike. Usianze na takwimu. Anza na alichosikia kambini, akueleze chote mpaka mwisho, na video akuonyeshe. Mwanaume aliyesikilizwa ana masikio, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Kisha mwombe kitu kimoja tu, msindikizane kituo cha afya na maswali yake yote: la Doto, la bure, la dozi. Amwulize muuguzi wewe ukiwa kimya. Ni baba, anataka aonekane ameuliza kabla hajaruhusu, na ni haki yake. Hofu yake si uadui. Anaogopa kukosa wajukuu, na wewe unaogopa kumzika mtoto. Mnamwogopea msichana mmoja.

Mama mkwe mpigie wewe mwenyewe kabla ya siku ya kwenda. Usimwombe ruhusa, mpe taarifa kwa heshima, na umweleze hilo la sindano ya uzazi wa mpango. Lile la kumficha Kulwa nyumbani liache lipite, halina faida sasa.

Na Kulwa mwenyewe? Amefichwa, amesemewa, amepangiwa, na sijaona kwenye barua kama kuna aliyemwuliza. Ana miaka 11, shuleni wenzake waliochanjwa wamemwambia mengi. Kaa naye mkichambua dagaa umwulize amesikia nini.

Mume akikataa baada ya yote hayo? Mpe muda, mtafute mtu anayemheshimu, kaka yake au mzee wa kanisani au msikitini. Lakini nilisema nafasi ina mwisho. Kwa maoni yangu usivuke mwaka huu wa shule. Ukifika huko na bado hataki, mwambie waziwazi, kabla na si baada, kwamba wewe uliyemuuguza dada yako unampeleka binti yako, siku fulani, na kwamba anakaribishwa kuja. Kuna watakaoniona nachochea. Sawa.

Siku hiyo avae blauzi ya mkono mfupi, awe amekula, achomwe akiwa amekaa. Ukumbushe pia kama ana mzio wowote mnaoujua. Mkono ukiuma jioni, mpe dawa ya maumivu kwa kipimo cha umri wake na asizuiwe kucheza. Kadi ya chanjo usiichanganye na risiti za sokoni, ataihitaji. Na zile dakika 15 anazokaa kwenye benchi, tafuta muuguzi wa zamu umwulize siku zao za kupima kwa siki ni zipi, ujiandikishe hapo hapo.